Mzee alifumba macho akaimba mauaji

Msomaji wetu, muuguzi mzaliwa wa Nakuru anayefanya kazi Sheffield, ameandika:

"Mwalimu, natumai u mzima. Mfanyakazi mwenzangu alinipeleka kwenye baa moja ya huku, chumba cha juu, akaniambia nitasikia muziki wa jadi wa Waingereza. Nilidhani nitaona ngoma. Badala yake watu kama ishirini walikaa kuzunguka meza wakaimba mmoja mmoja, bila ala yoyote. Mzee mmoja alifumba macho akaimba beti kama kumi na tano za msichana aliyeuawa na mchumba wake kando ya mto. Hakutikisa kidole. Sauti kavu, kama anasoma orodha ya dawa. Hakuna aliyelia. Wimbo uliofuata, mtu akafa tena. Na kilichonishangaza zaidi, baadhi ya mahadhi nilihisi nayajua, kama ya zile sahani za Jim Reeves alizokuwa akipiga baba siku za Jumapili. Je, huu ndio muziki wao wa asili kweli? Mbona hauna hisia? Mbona kila mtu anakufa? Halafu mwezi ujao wameniomba niimbe. Niimbe nini?"

Dada, mimi ni mzima, nashukuru. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimecheka kwa hiyo orodha ya dawa, maana umekisikia kitu ambacho wengi huondoka bila kukisikia. Nianze na sauti hiyo kavu. Mengine yatajifungua yenyewe.

Sisi tumelelewa na mwimbaji anayebeba hisia kwa niaba yetu. Mwimbaji wa taarab akifika kwenye neno linalouma hulivuta, hulizungusha, huinua mkono, na watu husimama kwenda kumtuza. Sasa mfikirie mtu mwingine kabisa: yule anayetumwa kuleta habari ya msiba. Huyo haingii uani akipiga mayowe. Hubisha hodi, hukaribishwa, hupewa maji, kisha husema taratibu kwamba fulani aliugua siku tatu na jana alfajiri ametutoka. Sauti yake ni tambarare kwa makusudi, kwa sababu kilio ni cha wenye msiba na yeye hana haki ya kuwatangulia. Mzee wako wa Sheffield alikuwa mjumbe wa namna hiyo. Alifumba macho ili uso wake usikae kati yako na yule msichana wa mtoni.

Wala hii si tabia ya mzee mmoja. Sikiliza rekodi za Harry Cox, kibarua wa mashambani wa Norfolk aliyezaliwa 1885 na kufariki 1971. Mauaji na mzaha aliviimba kwa sauti ile ile moja, akakuachia wewe kazi ya kutofautisha.

Usanii basi uko wapi? Uko kwenye vitu vidogo mno. Mwaka 1906 mwanamuziki Percy Grainger, Mwaustralia aliyekuwa akiishi London, alibeba fonografu, ile mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, akaenda nayo Lincolnshire. Hadi wakati huo wakusanyaji wengi wa nyimbo walitumia penseli: ubeti wa kwanza waliandika noti zake, uliobaki waliandika maneno tu, wakiamini mahadhi ni yale yale hadi mwisho. Mashine iliwaumbua. Mzee Joseph Taylor, msimamizi wa shamba kubwa aliyekuwa ameshapita miaka 70, alikuwa akibadilisha mahadhi kutoka ubeti hadi ubeti. Hapa amechelewesha noti, pale ameikunja sauti kidogo, kwingine ameongeza pigo zima ili neno moja lipate nafasi ya kukaa. Miaka miwili baadaye kampuni ya Gramophone ilitoa sahani za Taylor mwenyewe, akiimba peke yake bila kinanda. Ukizipata, usizisikilize huku unapika. Keti, kama unayemsikiliza mgonjwa anayeeleza anapoumwa. Hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Kuhusu mahadhi yenyewe, nitakueleza kwa solfa, maana sijawahi kukutana na mtu wa Nakuru ambaye hajapitia kwaya. (Solfa nayo ni mali ya huko huko uliko: Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, ndiye aliyeanza kuibuni, mchungaji John Curwen akaitengeneza na kuieneza karne ya 19, wamisionari wakaileta kwetu. Kwa hiyo tunawapimia Waingereza kwa kibaba chao.) Nyimbo nyingi za kanisani nyumbani kwake ni do, na kabla ya kufika do hupita ti, noti inayomsukuma mtu mgongoni aingie ndani. Sasa chukua noti hizo hizo ila uifanye re kuwa nyumbani: re mi fa so la ti do re. Ziimbe polepole. Unasikia? Haijawa huzuni kamili, na furaha nayo haipo. Wanamuziki huiita modi ya Doria. Ukiifanya so kuwa nyumbani unapata Miksolidia, yenye uchangamfu wa mtu aliyeamka mapema kwenye baridi, nayo iko karibu na ngazi ya zumari za mfuko za Uskoti. Nyimbo nyingine zina noti tano tu, do re mi so la. Zisizo na ti hiyo ya kusukuma hazifungi mlango mwishoni, huurudisha tu. Ndiyo maana wimbo wa mzee ulipokwisha hukuwa na hakika kama umekwisha.

Usije ukadhani nyimbo zote ziko hivyo. Sehemu kubwa zimekaa kwenye do ya kawaida kabisa. Wakusanyaji wa kwanza walizipenda mno hizo zenye sura ya ajabu, kama mgeni anayepiga picha Wamaasai tu kisha anaandika kwamba ameiona Kenya.

Sasa baba yako na Jim Reeves. Sikio lako halikukudanganya. Wahamiaji kutoka Uskoti, Ireland ya kaskazini na mpakani mwa Uingereza walivuka bahari karne ya 18 wakapanda kwenye milima ya Appalachia, huko Marekani, na nyimbo zao. Kati ya 1916 na 1918 mkusanyaji nyimbo Mwingereza Cecil Sharp, mgonjwa wa pumu aliyekuwa na umri wa miaka 56 alipoanza, alizunguka milima hiyo pamoja na msaidizi wake Maud Karpeles, kwa vipindi, akarudi na mahadhi zaidi ya 1,600. Alikuta watu wa kawaida, vijana kwa wazee, wakiimba tungo ambazo kwao Uingereza zilikuwa zimebaki midomoni mwa vikongwe.

Chukua mmoja tu, "Barbara Allen". Januari 1666 Samuel Pepys, karani mkubwa wa jeshi la majini, aliandika kwenye shajara yake kwamba ameufurahia, akauita wimbo mdogo wa Kiskoti. Kijana yuko kitandani anakufa kwa mapenzi, anatuma mtu amwite binti. Binti anakuja bila haraka yoyote, anamtazama, na neno lake la kwanza ni kwamba anaona kijana huyo anakufa. Basi, hakuna zaidi. Kengele za maziko zinamfuata njiani, naye anakufa kwa majuto. Wimbo huo huo Dolly Parton ameurekodi mwaka 1994. Miaka 328 kati ya shajara na rekodi, na binti bado anakuja bila haraka.

Mwaka 1927, katika mji wa Bristol kule Tennessee, kampuni ya sahani ilikaa chini ya wiki mbili ikarekodi watu wa milimani. Ndani ya siku hizo walipatikana familia ya Carter na Jimmie Rodgers, na hapo ndipo wengi huhesabu mwanzo wa biashara ya muziki wa kantri. Jim Reeves alikuja baadaye, Nashville ikamtia sukari nyingi, fidla nyingi za kubembeleza, lakini ule utulivu wa uso na habari mbaya inayotolewa kwa sauti ya chini havikutoka. Na Rodgers ana kisa chake kwetu: mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis pale Kapkatet, si mbali sana na kwenu, wakimwimba "Chemirocha", yaani huyo huyo Jimmie Rodgers waliyemsikia kwenye gramafoni, wakimfikiria ni nusu mtu nusu swala. Kwa hiyo ulipokaa kwenye baa ile ukahisi unayajua mahadhi, ulikuwa umekutana na babu wa mtu uliyekua naye nyumbani.

Lakini damu hiyo si ya upande mmoja. Banjo ni ala iliyobuniwa na Waafrika waliopelekwa utumwani, na milimani watu weusi waliimba na kupiga bega kwa bega na majirani zao weupe. Sharp alikuwa akiitafuta Uingereza, na karibu wote akawapita bila kufungua daftari. Hilo simsamehi kwa urahisi.

Kwa nini kila mtu anakufa? Nitakujibu kwanza kwa hesabu. Francis James Child, profesa wa Harvard na mtoto wa fundi wa kushona matanga, alitumia miaka yake ya mwisho kukusanya tungo za masimulizi za Uingereza na Uskoti, zikachapwa kati ya 1882 na 1898, jumla 305. Pitia orodha yake: ndugu anamuua ndugu, mama anamtilia mwana sumu, bahari inameza meli na mabwana wote waliomo. Zipo za vichekesho na za Robin Hood, yule mnyang'anyi wa hadithi, pia, lakini jeneza halikai mbali.

Sababu moja ni ya kiufundi. Tungo hizi haziandai meza. Hakuna "hapo zamani za kale". Unaingia hadithi ikiwa imebaki hatua mbili kufika shimoni, na mtunzi anaruka mambo makubwa kisha anatua kwenye jambo dogo na kukaa hapo: kitana, pete, rangi ya farasi. Kwa nini mchumba alimuua msichana wako wa mtoni? Mara nyingi wimbo hausemi. Beti zinarudiwa zikibadilika neno moja moja, na katika badiliko hilo ndimo kisu kinapoingia. Mwimbaji hamlaani muuaji, hamtetei. Anayetaka hukumu aitoe mwenyewe akienda nyumbani.

Sababu nyingine ni maisha. Walioziimba walikuwa vibarua, wavuvi, watumishi wa ndani, wanawake waliokamatiwa waume zao usiku na kutiwa kwenye manowari kwa nguvu. Kisha kulikuwa na ardhi. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha miswada zaidi ya 5,200 ya kuzungushia uzio mashamba na malisho yaliyokuwa yakitumiwa na wanakijiji wote, ekari milioni 6.8 kwa jumla. Mtu aliyezaliwa Bonde la Ufa hahitaji kuelezwa maana ya kuamka asubuhi na kuambiwa kwamba hapa sasa pana mwenyewe. Sungura ambaye babu alimtega kwa mboga akawa mali ya tajiri, na kwa sheria ya 1828 mtu aliyekamatwa mara ya tatu akiwinda usiku aliweza kupelekwa uhamishoni ng'ambo. Ndiyo maana utasikia nyimbo nyingi za wawindaji wa magendo walioishia Van Diemen's Land, ambayo leo ni Tasmania. Zinaimbwa kwa sauti ile ile ya mjumbe, na wanaozisikia mara ya kwanza hawagundui kwamba wamesikia malalamiko ya kisiasa.

Na usiogope, si kila kifo ni cha kuliliwa. Uko Yorkshire, wakikuimbia "On Ilkla Moor Baht 'at", cheka nao. Ni kijana aliyekwenda kuchumbia nyikani bila kofia. Anaambiwa atapata baridi afe, azikwe, funza wamle, bata wawale funza, sisi tuwale bata, na hapo sote tutakuwa tumekula nyama yake. Ndio wimbo wa taifa usio rasmi wa watu wa Yorkshire, na mahadhi yake alitunga fundi viatu wa Canterbury kwa ajili ya kanisa.

Umeuliza kama huu ni muziki wa asili kweli. Hapa lazima niwe mkweli hata kama rafiki yako hatafurahi. Kama "asili" maana yake ni kitu kilichoota chenyewe porini bila mkono wa karatasi, hapana. Nyingi ya nyimbo hizi zilichapwa mijini kwenye karatasi za upande mmoja na kuuzwa barabarani kwa peni au nusu peni. Pepys peke yake alikusanya zaidi ya 1,800 za namna hiyo, ziko Cambridge hadi leo. Kijana wa kijijini alinunua, akabandika ukutani, akajifunza, karatasi ikaoza, wimbo ukabaki mdomoni ukaanza kubadilika. Profesa Child alizidharau karatasi hizo kama jalala. Mimi nadhani alikosea. Kilichoufanya wimbo kuwa wa jadi ni safari yake kwenye midomo, uwe ulizaliwa zizini au kwa mchapaji.

Kisha wakaja wenye daftari, nao waliacha alama za vidole vyao. Mwaka 1903, katika kijiji cha Hambridge, Somerset, Cecil Sharp alikuwa mgeni wa kasisi. Akamsikia mtunza bustani, John England (ndilo jina lake, kweli), akiimba huku anakata majani. Alitoa daftari, akanakili, akautilia wimbo kinanda, na jioni ile ile ukaimbwa mbele ya waalikwa. Mmoja wao alisema ni mara ya kwanza wimbo huo kuvalishwa suti ya karamu. John alijivunia lakini akasitasita, hakuwa na hakika na suti hiyo. Ukitaka kuuelewa ufufuo wote wa muziki wa jadi wa Uingereza, kumbuka uso wa John jioni hiyo. Sharp aliziokoa nyimbo kwa maelfu, na akazifuta uchafu pia: maneno ya kitandani yalilainishwa kabla ya kupelekwa kwa watoto wa shule, na wimbo uliokuwa wa vibarua ukaambiwa ni roho ya taifa.

Tukio jingine lake ndilo linalojibu swali lako la ngoma. Ngoma wanayo. Tarehe 26 Desemba 1899, karibu na Oxford, Sharp aliona wanaume wa Headington Quarry wakicheza morisi mbele ya nyumba aliyofikia: mavazi meupe, kengele miguuni, leso mkononi, kijana William Kimber akiwapigia konsatina, ile kodiani ndogo ya kushikwa viganjani. Wengi baadaye waliandika juu ya mila ya kale ya kabla ya Ukristo. Ukweli ni kwamba walikuwa mafundi ujenzi, baridi imewakosesha kazi, wakatoka kucheza nje ya msimu wapate chochote. Wakaomba radhi kwa kucheza siku isiyo yake. Kengele hizo ndizo ngoma zao, dada. Mdundo wanauvaa miguuni. Ila mara nyingi wanaocheza na wanaosimulia huketi vyumba tofauti, na wewe ulipelekwa chumba cha wanaosimulia.

Jambo moja la heshima kabla sijaendelea. Kiswahili chetu kinamwita kila mtu wa kisiwa hicho Mwingereza. Usimwite hivyo Mskoti usoni. Hata masikioni ni watu tofauti. Uskoti kuna mrindimo wao wa noti fupi kwanza, ndefu baadaye, ta-taa, ta-taa, unaofanana na jinsi wanavyokata maneno. Kwenye visiwa vya magharibi, wanaozungumza Kigaeli, wanawake walikaa kuzunguka meza ndefu wakipiga kitambaa kibichi cha sufu, kilicholowekwa kwenye mkojo uliolala, ili kikaze. Mmoja aliongoza mstari, wote wakaitikia kwa silabi zisizo na maana yoyote, pigo kwa pigo, hadi kitambaa kikubali. Ungekaa pale dakika tano ungeitikia. Mwanamke yeyote aliyewahi kutwanga na wenzake angejua pa kuingia. Wales nako kuna kinubi cha safu tatu za nyuzi, na ufundi wa kuimba shairi kwa mahadhi moja huku kinubi kikipiga mahadhi mengine, wakutane mwishoni. Nyimbo za mabaharia za kuvuta kamba nazo zina kiongozi na waitikiaji, na humo mna mchango mkubwa wa mabaharia na wapakuzi weusi wa Marekani na Karibiani.

Nani alizitunza? Mara nyingi waliodharauliwa. Hamish Henderson wa chuo kikuu cha Edinburgh alipokwenda Aberdeen mwaka 1953, alielekezwa kwa Jeannie Robertson, mama wa jamii ya Wasafiri, watu wa kuhamahama waliofukuzwa kila walipotua. Akafungua mdomo, zikatoka tungo ambazo wasomi walidhani zimebaki vitabuni. Vyumba kama ulichokaa wewe vilianza kuenea miaka ya 1950, wakati mwimbaji Ewan MacColl na wenzake walipotaka muziki huu utoke kwa piano na urudi kwa wafanyakazi. MacColl alifika mahali pa kuagiza kila mtu kwenye klabu yake aimbe nyimbo za kwao tu. Gitaa linaloonekana siku hizi kwenye vyumba vingine ni mgeni wa juzi tu hapo.

Hukuuliza, lakini nahisi uliliwaza ulipoingia ukakuta ni wewe peke yako mweusi: je, chumba hiki ni changu? Wapo wazalendo wa mrengo wa kulia waliojaribu kuufanya muziki huu bendera yao, na mwaka 2009 wanamuziki wenyewe walianzisha harakati ya kuwakatalia, Folk Against Fascism. Mwaka 2020 vyama vya morisi viliamua kuachana na desturi ya kupaka nyuso rangi nyeusi. Mwaka 2022 Angeline Morrison, mwimbaji mweusi wa Uingereza, alitoa albamu ya nyimbo kuhusu watu weusi wa kisiwa hicho, alizozitunga kwa mtindo wa jadi kwa sababu alizitafuta kwenye makusanyo akakuta pengo. Nenda ukiwa umetulia.

Na kwa kuwa uko Sheffield, una bahati ambayo wengi huifuata kwa ndege. Kuanzia katikati ya Novemba hadi Krismasi, kwenye vijiji vya kaskazini magharibi mwa mji, kama Dungworth, Worrall na Stannington, watu hujaa baa Jumapili mchana wakaimba nyimbo za Krismasi ambazo kanisa liliziacha karne ya 19. Hapo hakuna sauti kavu. Bia mkononi, besi zinatikisa madirisha, na wimbo mmoja wa wachungaji waliochunga usiku utausikia kwa mahadhi tofauti tofauti, kwa sababu tangu 1700, kwa muda mrefu, ndio pekee wa Krismasi ulioruhusiwa rasmi pamoja na zaburi kanisani, na kila kijiji kikajitungia mahadhi yake. Fika mapema. Wenye viti vyao wana viti vyao.

Sasa la kuimba. Usiimbe Jim Reeves. Watakuitikia kwa adabu, lakini watakuwa wanangoja kitu kingine. Usiimbe wimbo wao pia, si mwezi ujao. Tafuta ule wa bibi yako, wa kubembeleza mtoto au wa kupalilia, wenye kiitikio kifupi. Simama au kaa, vyovyote. Kwa sentensi mbili za Kiingereza waambie umeupata kwa nani na unasema nini, kwa sababu ndivyo wafanyavyo wao. Jina la aliyekupa wimbo hutajwa kwanza. Wafundishe kiitikio kwa kukiimba mara mbili bila maelezo. Wataking'ang'ania, na watakipa sauti ya pili ambayo bibi hakuiweka. Waache.

Ukimaliza, watanyamaza kidogo kabla ya makofi. Usiogope ukimya huo, wala usiujaze kwa maneno. Kaa chini, kunywa maji yako, na umtazame mzee wa macho yaliyofumbwa. Akikuuliza jina la bibi yako, mwandikie vizuri, kwa herufi kubwa, maana atataka kulitaja.